Hadithi za Kutisha na Jina la Jirani



Mwezi uliopita tulikuwa matangani kwa mzee mmoja wa mtaa wetu. Baada ya sala za usiku, vijana waliokuwa wakichochea moto nje walianza kusimuliana mambo ya kutisha, kama ilivyo desturi ya vijana kila mahali. Mmoja alieleza habari za abiria aliyepanda pikipiki usiku, na dereva alipogeuka kudai nauli hakumwona mtu. Mwingine alisema juu ya nyumba fulani ambayo watu hulala ndani wakaamkia uani. Mama mmoja wa kanisa letu akaja akaniambia, "Mwalimu, hebu wakataze vijana hawa. Hapa ni msibani, na sisi ni Wakristo."

Nikainuka ili nikawakataze. Lakini nilipofika pale motoni nilivuta kigoda, nikakaa, nikawasikiliza mpaka mwisho. Kesho yake nilimwomba radhi yule mama. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: Je, ni vibaya kupenda hadithi za kutisha? Na kwa nini tunazipenda hivyo? Tena, yale mambo ambayo karibu kila mmoja wetu aliyaona au aliyasikia utotoni, na hata leo hawezi kuyaeleza, tuyafanyeje?

KWA NINI TWAPENDA KUTISHWA

Sisi tuliolelewa na bibi zetu twakumbuka jinsi ilivyokuwa. Chakula kimekwisha, moto umebaki makaa, Bibi anasema "Paukwa!" nasi twajibu "Pakawa!" Hapo ndipo zimwi linapotoka porini kuwatafuta watoto waliokaidi wazazi wao. Tulitetemeka, na kila tulipotetemeka tulizidi kumsogelea Bibi. Hakuna aliyeomba aache. Tuliomba aendelee, na kesho yake tukaomba hadithi ile ile.

Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu nilikuwa na zoezi moja kwa wanachuo wapya. Niliwaambia waandike kurasa mbili juu ya jambo la utotoni wasilolisahau. Nilitegemea kusoma habari za siku ya kwanza shuleni, au sikukuu ya Krismasi. Habari hizo zilikuwapo, lakini nyingi mno zilikuwa za hofu: mwanga uliotembea shambani usiku, hatua za miguu juu ya paa, mbwa aliyebwekea mahali pasipo na mtu. Na hizo ndizo zilizoandikwa vizuri kuliko zote. Mwanachuo ambaye kwa kawaida aliandika kwa ulegevu, hapo aliandika kama mtu aliyeshikwa mkono.

Nafikiri sababu ni mbili. Ya kwanza, hofu inayosimuliwa mahali pa salama humfundisha mtoto kuikabili hofu. Moyo unakwenda mbio, damu inachemka, lakini mgongo wake umeegemea goti la Bibi. Anajifunza kwamba mtu anaweza kuogopa asife, na kwamba asubuhi huja. Ya pili, hadithi hizo humwambia mtoto kwamba ulimwengu ni mkubwa kuliko anaouona. Jambo hilo ni kweli, nasi Wakristo twalikiri kila Jumapili tunaposema kwamba twamwamini Muumba wa vitu vyote, vinavyoonekana na visivyoonekana.

Wala wazee wetu katika kanisa hili hawakuzidharau hadithi hizo. Edward Steere, aliyekuja kuwa Askofu mwaka 1874, na ambaye amezikwa katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Zanzibar, alijifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza watu wakisimulia. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha hadithi alizozikusanya Unguja. Ndani yake mna majini, mna wanyama wasemao, na mna nunda mla watu. Mtu yule aliyejitaabisha kutafsiri Maandiko Matakatifu hakuona aibu kuandika habari za nunda. Nitarudi kwa huyo nunda baadaye, kwa maana ana la kutufundisha.

JAMBO LILILONIPATA MIMI

Sasa naomba niungame jambo ambalo sijapata kuliandika.

Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi. Tuliishi kijijini chini ya milima ya Usambara, karibu na mashamba ya mkonge. Usiku mmoja wa masika niliamka, nikasikia naitwa. Sauti ilitoka upande wa mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba, ikaniita mara mbili kwa jina la nyumbani, ambalo Bibi peke yake ndiye aliyekuwa akiniita. Naye Bibi alikuwa amelala chumba kile kile, nikimsikia akikoroma. Sikuitika, kwa sababu tulikuwa tumefundishwa kwamba anayeitwa usiku haitiki. Nilijifunika shuka mpaka alfajiri.

Asubuhi nilisimulia. Watu wazima waliokuwa wakinywa chai waliweka vikombe chini. Jirani mmoja akaniuliza, "Ilikuwa sauti ya mwanamume au ya mwanamke?" Nikasema ya mwanamke. "Kijana au mzee?" Nikasema mzee. Ndipo akauliza polepole, "Haikufanana na sauti ya yule mama wa ng'ambo ya kijito?" Alimtaja mjane mmoja mzee aliyeishi peke yake na kusuka ukili.

Naomba mnielewe vizuri. Hakuna siku niliyosikilizwa na wakubwa kama siku ile. Kila jicho lilikuwa juu yangu. Nami nikasema, "Ndiyo, ilifanana."

Mwaka ule mtoto wa jirani yetu alikuwa amefariki kwa homa, na maneno yangu yalianguka kama njiti ya kiberiti kwenye nyasi kavu. Watu waliacha kununua mikeka yake. Sisi watoto tulipomwona njiani tulihama njia, wala hatukumwamkia shikamoo. Usiku mmoja mawe yalitupwa juu ya paa lake. Mama yule alikuwa Mkristo wa kanisa letu, tena mwaminifu. Akipiga magoti kupokea Ushirika Mtakatifu, nafasi za kushoto na kuume kwake zilibaki wazi. Nami nilikuwa nimekaa na watoto wenzangu mbele, nikaziona zile nafasi. Kabla ya masika nyingine kufika alifunga mizigo yake akaenda kwa kaka yake, mbali, na huko ndiko alikofia. Hakuna mtu aliyempiga wala kumwua. Tulimnyima salamu tu.

Miaka michache iliyopita dada yangu aliugua, nikaenda kukaa naye. Usiku mmoja tukiongea habari za zamani nilimkumbusha ile sauti. Akanitazama kwa mshangao akasema, "Mdogo wangu, wewe ulikuwa umelala. Mimi ndiye niliyesikia, nikakuamsha. Wala hakuna aliyeitwa jina. Ni mtu alikohoa." Tulicheka, kisha sote wawili tukanyamaza.

Basi ni nani kati yetu anayekumbuka sawasawa? Sijui, wala sidhani kwamba nitajua. Hilo ndilo linalonisumbua. Niliweka jina la mwanamke mzee juu ya jambo ambalo leo siwezi hata kusema kwa hakika kwamba lilinipata.

KUMBUKUMBU SI PICHA

Wengi tunadhani kwamba kumbukumbu ni kama picha iliyowekwa sandukuni, na kwamba ukiitoa baada ya miaka hamsini utaikuta ile ile, ila imefifia kidogo. Wataalamu wa elimu ya akili wamekwisha kuonyesha kwamba sivyo. Mmoja wao, Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichapisha kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1932. Aliwapa watu hadithi ya Wahindi Wekundu wa Amerika ya Kaskazini iliyohusu vita vya mizimu, akawataka waisimulie upya baada ya muda mfupi, na baadaye tena baada ya muda mrefu. Kila waliposimulia, hadithi ilibadilika. Yale yasiyoeleweka yaliachwa au yakapewa sababu. Vitu vigeni viligeuka kuwa vitu vya kwao Uingereza; mtumbwi ukawa mashua. Wala watu wale hawakuwa waongo. Akili ya binadamu haipendi pengo, na inapolikuta hulijaza kwa vitu vilivyo karibu.

Nilikuwa nikilifundisha somo hilo chuoni kila mwaka, na kwa miaka mingi sikuwahi kufikiri kwamba linanihusu.

Jambo lingine ni lile tunaloliita jinamizi. Mtu anaamka usiku, anaona chumba chake, lakini hawezi kuinua mkono wala kupaza sauti. Anahisi uzito kifuani, na anahisi kwamba yupo mtu karibu naye. Waganga wa hospitali wanaeleza kwamba wakati wa kuota ndoto, ubongo huifungia misuli ya mwili ili tusiinuke na kutenda tunayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Hali hiyo hupita baada ya muda mfupi, nayo huwapata zaidi watu waliokosa usingizi wa kutosha. Hata kusikia jina lako likiitwa wakati wa kusinzia au kuamka ni jambo linalowapata watu wengi walio wazima kabisa.

Kujua hayo hakumwondolei mtu hofu yake usiku ule. Aliyebanwa na jinamizi hasemi uongo, na tusimcheke. Lakini kutomcheka ni jambo moja, na kumsaidia kutafuta wa kumlaumu ni jambo jingine.

HADITHI INAPOPATA MIKONO

Wengi wenu mnakumbuka habari za Popobawa. Mwaka 1995 hofu ilianza Pemba, ikaenea Unguja, hata ikavuka mpaka Dar es Salaam. Watu walisema kwamba kitu fulani kinawavamia usingizini. Jamaa nzima zilitoka nje zikalala pamoja kuzunguka moto, kwa maana kulala peke yako ndani ndiko kulikoogopwa. Tena ilisemekana kwamba aliyevamiwa asipowaeleza wenzake atarudiwa. Tazameni jinsi hadithi hiyo ilivyobeba ndani yake amri ya kuisimulia! Haikuwa ajabu kwamba ilikwenda haraka kuliko meli. Baadaye hofu ikapoa. Lakini kabla haijapoa, katika Mji wa Zanzibar mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliodhani kwamba ndiye.

Na huku bara tunajua yaliyotendeka. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, akina mama wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, akiwalisha watoto na wajukuu, huwa na macho ya namna hiyo. Alama ya utumishi wake ikafanywa kuwa ushahidi dhidi yake. Na ndugu zetu albino nao wamewindwa na kukatwa viungo, kwa sababu ya hadithi zilizosimuliwa juu yao tangu zamani, kwamba wao si watu kama sisi, na kwamba viungo vyao vinaleta utajiri.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa. Zimwi la Bibi halikumdhuru mtu yeyote, kwa sababu halikuwa na nyumba kijijini kwetu. Halikuwa na jina la ukoo. Bibi alipomaliza alisema hadithi imeishia hapo, nalo zimwi likarudi porini kwake. Hadithi ya kutisha huwa hatari siku ile inapopewa anwani, yaani inapoacha kusema "palikuwa na zimwi" ikaanza kusema "ni yule pale."

WATU WATATU WA KUTUFUNDISHA

Nilisema nitarudi kwa nunda wa Askofu Steere. Hadithi yasema kwamba sultani mmoja alikuwa na paka aliyeanza kula kuku, akaendelea na mifugo mikubwa, mwisho akala watu, naye sultani hakutaka kusikia mpaka msiba ulipomfika yeye mwenyewe. Mwanawe mdogo akaenda porini kumtafuta huyo nunda. Alipomwua mnyama wa kwanza alimpelekea mama yake akidhani kwamba ndiye, na mama akamwambia siye. Akaenda tena, akarudi na mwingine, na mwingine, hata tembo. Na kila mara mama yake alikataa. Ninampenda sana mama yule. Mwanawe amechoka, watu wanataka habari hizi ziishe, ingekuwa rahisi kusema ndiye. Lakini yeye anatazama kwanza, halafu anasema kweli. Laiti asubuhi ile pale kijijini kwetu angekuwapo mtu mmoja mwenye moyo kama wake!

Wa pili ni Eli. Someni tena 1 Samweli 3. Mtoto anasikia akiitwa kwa jina usiku, katika nyumba ya Bwana. Anamkimbilia mzee. Mzee, ambaye macho yake yamekwisha kufifia, hamkaripii wala hamcheki. Anamwambia akalale. Jambo linatokea mara ya pili, anamwambia vivyo hivyo. Mara ya tatu ndipo anapotambua. Angalieni mambo ambayo Eli hakuyafanya. Hakuuliza sauti ilifanana na ya nani. Hakumtia mtoto jibu kinywani. Alimpa neno la kumjibu Mungu, akamrudisha mahali pake, naye akangoja asubuhi. Na asubuhi alimtaka aseme yote bila kuficha, hata yale yaliyokuwa dhidi yake Eli mwenyewe.

Wa tatu ni Bwana wetu. Wanafunzi walipomwona akitembea juu ya bahari usiku (Mathayo 14) walipiga kelele wakidhani kwamba wameona kivuli. Hofu iliwafanya wamwogope yule yule aliyekuja kuwaokoa. Na baada ya kufufuka kwake (Luka 24) walimdhania tena kuwa roho. Naye hakuwalaani kwa kuogopa, bali aliwaonyesha mikono na miguu yake, akala samaki mbele yao. Aliwakaribisha wachunguze.

Najua yupo atakayesema, "Mwalimu, je, unakana kwamba pepo wapo?" Hapana, sikani. Nimesoma Injili kama wewe. Lakini katika Injili nimeona jambo hili: Bwana alipowaponya wenye pepo, aliwahi kuuliza jina la pepo, lakini hakumwuliza mgonjwa hata mmoja ni jirani gani aliyempelekea. Sisi ndio tunaouliza swali hilo.

TUFANYE NINI BASI

Kwanza, tusiwakataze vijana wetu hadithi za motoni. Tuketi nao. Hadithi isiyosikilizwa na mtu mzima hukua vibaya gizani, kama mmea uliowekwa chini ya ndoo.

Pili, mtoto akija na jambo aliloliona au kulisikia usiku, tumsikilize kama Eli, wala tusimwulize maswali yenye majibu ndani yake. Swali la namna hiyo si swali. Mtoto huwapa wakubwa kile wanachokitaka, nami ni shahidi wa hilo.

Tatu, tujifunze kusema "sijui" na kukaa nalo. Neno hilo ni gumu kwa walimu, na nadhani hata kwa makasisi. Lakini pengo lililoachwa wazi mbele za Mungu halimwumizi mtu. Katika Sala za Jioni twamwomba Mungu atulinde na hatari za usiku, wala hatutaji jina la mtu.

Na la nne ni langu mwenyewe. Mwezi Novemba, siku ya kuwakumbuka Marehemu Wote, majina ya wafu wetu husomwa kanisani. Kwa miaka mingi nimeandika majina ya wazazi wangu na ya Bibi. Mwaka huu, nilipoandika karatasi yangu, nimeongeza jina moja ambalo hakuna hapa parokiani anayelijua. Padre akilisoma, msiulize ni la nani. Mwombeni apumzike kwa amani, na mniombee mimi pia.

Ni mimi mwalimu wenu mzee.